Simu Iliyowika Ndani ya Kikwembe Chako

Mama Sifa, bibi yangu uliyenitangulia,

Salamu nyingi kutoka chumbani kwako. Usishituke. Najua ulinikataza kuingia humu na matope ya shamba, nami nimeingia nayo, maana sikupata nafasi ya kunawa miguu. Nimekaa juu ya kitanda chako, mlango nimeukaza kwa ndani, karatasi nimeiweka juu ya goti zima, lile bovu nimelinyoosha. Mukwe wako iko nje uwanjani. Amekalia kiti changu tangu jana. Ameniletea kuku amefungwa miguu, anasema ni zawadi, na anamungojea binti yetu.

Humu mwako ndimo pekee asimoweza kuingia. Chumba cha mama mukwe! Hata sasa ukiwa chini ya udongo, anakiogopa kizingiti chako kuliko alivyomuogopa Mungu siku ile alipomvunja Sifa jino. Basi mie muzee, mwenye nyumba, nimekimbilia kitanda cha marehemu. Cheka. Ningekuwa wewe, ningecheka.

Mwandiko utanisamehe. Darasa la nne nililiacha njiani, na tangu tuoane wewe ndiwe uliyekuwa unanisomea kila kitu, hata karatasi za dawa. Ulikuwa unavaa miwani unasema, "Imeandikwa hapa: muzee mwenye kumeza hivi asiguse pombe." Nikaamini. Baada ya matanga nilimpa mudogo wako Atosha ile karatasi, nikamwambia anisomee tena, polepole. Pombe haimo. Tutaongea tukikutana.

Unaikumbuka simu yako? Ile ndogo, ya torshi, uliyoinunua ulipouza karanga, ukaifunga kwenye ncha ya kikwembe cha kiunoni kama mutu aliyeficha dhahabu ya machimbo ya Salamabila. Betri ilikuwa inadondoka, ukaibana na mpira wa mfuko wa dawa. Tulikuwa tunapanda juu ya rundo la matofali nyuma ya jiko kutafuta rezo, simu ishike, wewe mbele, mie nyuma nikikushika kiuno, na majirani wakisema wazee hawa hawajachoka. Ulikuwa unapiga kelele "Alo! Alo!" mpaka Salamabila wangekusikia hata bila simu.

Halafu ukaitia mlio wa jogoo, uwike kila alfajiri. Ulisema mie silali, nazimia, na kwamba shamba linapaliwa asubuhi. Siku ya kwanza ilipowika nilitoka nje na jiwe mkononi, nikamtukana jirani pale kwenye ua: "Fungia kuku yako! Kuku gani anawika ndani ya sikio la mutu?" Naye akanijibu kwa upole, "Papa, kuku yangu mie nilimula siku ya Noeli." Niliporudi ulikuwa umejifunika shuka, kitanda kizima kinatetemeka kwa kicheko. Kitanda hiki hiki.

Na siku ya mtaro, unaikumbuka? Mukwe wako alikuwa amemuoa Sifa juzijuzi. Akaja kutusalimia na pikipiki mpya, miwani nyeusi usoni, shati limefunguliwa kifungo. Nawe ulikuwa unatoka sokoni na beseni ya ndizi kichwani, umevaa kikwembe chako cha miavuli. Mkakutana pale kwenye kona. Kwa desturi yetu mukwe akimuona mama mukwe njiani anapisha, anaingia majanini, anageuza uso mpaka mama apite. Wengine wanapisha hatua moja tu. Huyu alipisha mpaka mtaroni, na pikipiki yake yote! Miguu juu, miwani ndani ya maji machafu. Wewe ukavuta kikwembe ukajifunika uso, ukapita taratibu, hukuangalia kushoto wala kulia, kama inavyotakiwa. Ulipofika jikoni ndipo ulipoketi chini ukacheka mpaka ndizi zikamwagika. Ukapangusa machozi ukaniambia, "Baba Sifa, huyu ana heshima. Mutoto wetu amepata mutu."

Tuliamini sote wawili. Heshima alikuwa nayo kweli. Yote alikupa wewe, binti hakumubakizia hata kidogo.

Ulipokufa ndipo mambo yalipoanza kutoka nje. Labda alikuwa anakuhofia, labda Sifa alikuwa anakuficha usiumie. Kwanza aliivunja simu ya mutoto kwenye nguzo ya mlango. "Ulikuwa unaongea na mwanaume gani?" Mwanaume huyo alikuwa mie, nilikuwa nauliza dawa ya kikohozi. Tangu hapo Sifa akawa anaongea nami kwa simu ya bwana wake tu, sauti imewekwa nje, na yeye amekaa kando anasikiliza.

"Papa, muhogo imeota?"

"Imeota, mama."

"Na mvua?"

"Mvua iko."

"Papa… zile nguo za mama, sehemu yangu nitaipata lini?"

Na sauti ya mwanaume pembeni: "Ongea haraka, inite ya simu inaisha."

Mama Sifa, wewe unamujua binti yako. Mutoto aliyekuwa anabishana nami mpaka juu ya rangi ya chumvi. Sasa ananiuliza muhogo! Nilikuwa naikata simu, nakaa nayo mkononi, naiangalia, kama mutu aliyeona mkono wa mutoto wake ukitoka dirishani na mlango hauna pa kushika. Kwenda kumutoa sikuweza. Goti hili halipandi pikipiki, na ningefika ningeambiwa, "Baba mukwe, karibu, kaa," na Sifa angeletwa mbele yangu aseme yuko mzima. Angesema. Mie ningerudi, na yeye angebaki kulipia safari yangu.

Ndipo Atosha alipokuja na beseni. Unamujua mudogo wako, hajui kubisha hodi.

"Shemeji, toa simu ya dada."

"Na meno yangu pia nikutolee?"

"Meno hayana betri. Toa simu."

Akanieleza. Yeye na wamama wa parokia, pamoja na wamama wa msikitini, wanapita nyumba kwa nyumba hapa Kasongo wakikusanya simu za zamani. Fundi wa pale sokoni anazitengeneza, wanatia laini na inite kidogo, wanawapa wanawake wanaopigwa nyumbani, ili siku ya hatari waite mutu. "Bwana akitaka kumufunga bibi yake," akasema Atosha, "kitu cha kwanza anavunja ni telefone."

Nikamuambia, mie mutu wa mzaha, "Basi mununue mpya, mutoe zinazong'aa."

Akaniangalia kama unavyojua anavyoangalia. "Mpya? Mwanamke akionekana na mpya ataulizwa alipewa na nani, na jibu lolote atakalotoa ni fimbo. Ya zamani, hii ya kupasuka kioo, hata mwizi anairudisha."

Simu yako sikutaka kuitoa. Nikwambie ukweli wa mutu mzima: nilikuwa naitia moto, betri ijae, kila juma, ili asubuhi jogoo awike nikutukane kidogo kabla ya kukumbuka. Nikamuambia Atosha achukue redio. Akakataa. Akakaa pale pale ulipokuwa unakaa wewe, akaanza kuchambua majani ya muhogo ya sombe yangu bila kuombwa, mikono yake kama yako. Nami nikawa namusikia Sifa kichwani: zile nguo za mama, nitazipata lini?

Hapo akili ya darasa la nne ikawaka. Nguo za mama! Mukwe gani mwenye akili timamu atatia mkono ndani ya nguo za mama mukwe wake? Hata kuzitazama ni haya. Akizigusa atalipishwa mbuzi, na kabla ya mbuzi atalipishwa midomo ya mtaa mzima. Tukaifunga simu ndani ya kikwembe chako cha miavuli, tukakizungushia vingine, na katikati, nisamehe, nikaweka na sketi yako ya ndani, iwe askari.

Atosha akapanda pikipiki kwenda Salamabila, kwa Sifa na bwana wake, akajidai anapeleka sabuni kuuza. Naye kwa cheo ni mama mukwe, mukwe wako hawezi kumukaribia wala kumutazama usoni. Akalitua furushi mbele ya watu: "Nguo za marehemu, sehemu ya binti." Anasema mwanaume alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka, akainamisha kichwa, akasema "Asante, mama mudogo," na kwa kidevu akamuonyesha Sifa aliweke mbali, kule juu ya sanduku.

Siku chache baadaye nilikuwa nakula. Simu yangu ikalia, nikaangalia kioo: MAMA SIFA. Bibi, niliidondosha ndani ya sombe. Nikasema kwa sauti, "Nimefanya nini tena?" Maana jina lako sikulifuta, na laini ilikuwa yako. Nikaipangusa mafuta ya mawese, nikaiweka sikioni, nikangoja kugombezwa.

"Papa, ni mie. Usipaze sauti. Ameenda machimboni."

Ilikuwa sauti yake ya kweli, si ile ya muhogo. Aliniambia mambo nisiyokuandikia, wewe umeshapumzika. Tukapanga na Atosha. Akipata nafasi ananibipu, simu ilie mara moja ikatike, maana yake yuko mzima. Atosha akatafuta dereva wa pikipiki mwenye kuaminika, akamwambia Sifa siku, na kwamba dereva akifika mwisho wa njia yao atabipu. Sifa akazima mlio, simu ikabaki kuwaka taa tu. Mara zote alikuwa anaizima kabisa. Siku ile tu aliiacha wazi, ndani ya furushi, kwa ajili ya dereva.

Mlio aliuzima. Jogoo, hakuna aliyemkumbuka. Wewe ulimtia humo, mie nimeamshwa naye miaka yote, na hakuna aliyemkumbuka!

Alfajiri kuku akawika ndani ya nyumba.

"Kuku ya nani hiyo?" mwanaume akauliza, akaamka.

"Ya jirani," Sifa akasema.

"Jirani gani? Iko inalia humu!"

Ikawika tena, juu ya sanduku, ndani ya nguo zako. Mwanaume akasimama mbele ya furushi. Si mjinga, alielewa mara moja.

"Fungua."

"Nifungue nguo za mama mbele yako?"

"Nimesema fungua!"

Mama yake, anayekaa nyumba ya nyuma, akaingia kwa zile kelele. Alipoona mutoto wake amenyoosha mkono kwenye furushi akashika kichwa. "Eh! We! Unataka kuona nguo za mama mukwe wako? Uso huu nitatembea nao wapi?"

"Mama, iko telefone ndani!"

"Hata kama iko gari ndani!"

Mkono wake ukabaki hewani. Bibi, fikiria hiyo picha. Mutu aliyepiga mpaka akachoka, na vitambaa vinamushinda. Akavuta kiti akakaa mlangoni. Machimboni hakwenda. Akasema atakaa hapo mpaka Sifa alifungue mwenyewe au mpaka simu ioze. Sifa akakaa kitandani, furushi miguuni, analiona linang'aa kwa ndani na kuzimika: dereva amefika, anabipu, anangoja, ataondoka. Mlango ni mmoja na mwanaume yuko juu yake. Jua likapanda. Anasema hakuwahi kujua kwamba nyumba inaweza kuwa ndogo vile.

Ndipo akakumbuka mtaro. Ulimusimulia wewe, na kila uliposimulia ulimuongezea yule mukwe maji.

Sifa akageukia ukutani, akatoa kikwembe cha miavuli, akajifunga kama ulivyokuwa unajifunga, fundo la upande. Akavuta ncha akajifunika uso. Vingine vyote akavitia kichwani na simu ndani yake. Akatembea kuelekea mlangoni, taratibu, haangalii kushoto wala kulia.

Na yule mwanaume akainuka. Akasogea. Akapisha! Sifa anasema hata yeye mwanaume hakujua anafanya nini, miguu ndiyo iliyojua. Alipita kizingiti, akapita uwanja, akafika njiani. Nikamuuliza kwa simu, "Mama, kwa nini hukukimbia?"

"Papa, ningekimbia angekumbuka kuwa ni mie."

Alipokumbuka, pikipiki ilikuwa imeshawaka.

Mutoto amefika Kasongo. Wamama wamemuweka mahali. Mahali gani sikuandikii, hata wewe, maana karatasi haichagui msomaji. Sijamuona bado. Nilitaka kwenda, nikavaa hata viatu, nikatoka, nikamukuta mukwe wako uwanjani na kuku wake.

"Papa, mie sina matata. Bibi yangu arudi tu."

"Na jino lake, nalo lirudi?"

Akainama. "Papa, ilikuwa shetani."

"Shetani huyo alifika Salamabila kwa pikipiki ya nani, mwanangu?"

Akamukaza kuku kamba ya miguu. Na wala hakuondoka. Nikienda msalani anainuka kidogo. Nikienda kwa jirani ananifuata na salamu. Kwa hiyo mie nimefungwa kwangu, na Sifa amefungwa kule, sote tunalindwa na mutu mmoja mwenye kiti changu, na simu yangu inatetemeka mfukoni: mara moja. Yuko. Siwezi hata kujibu, ukuta huu unajua kusikia.

Leo asubuhi Atosha alikuja kuomba chumvi, akaingia humu chumbani, akaninong'oneza. Sifa anaendelea mbele, Kindu, kwa wamama wa kule. Leo, adhana ya alasiri ikishaisha. Na barabara ya kutokea, unaijua, ni ile inayopita mbele ya uwanja wetu. Kutoka kwenye kiti kile mutu anaona kila pikipiki, kila uso. Atosha akaniuliza, "Shemeji, utamutoa pale namna gani?" Nikamuambia atulie, ila dereva asipunguze mwendo mbele ya uwanja. Nilitaka tu aondoke nikuandikie.

Atosha ataisoma barua hii mbele ya wamama, Sifa akishakuwa mbali. Basi nanyi mnaosikia: ile simu ya zamani mnayompa mutoto achezee, ya torshi, ya kioo kupasuka, mpeni Atosha. Iko beseni chini ya kitanda hiki, naigonga na kisigino ninapoandika. Wababa pia mlete, msijifiche nyuma ya bibi zenu. Na kabla hamjatoa, muziulize simu zenu kama zina jogoo.

Bibi, kwa kuinama kuangalia beseni nimeona na sanduku lako. Nguo zako zilizobaki. Hazijaona jua tangu matanga, zimeshika unyevu. Adhana hiyo inaanza. Naacha kalamu, ngoja.

Nimerudi. Naandika mbio, usome polepole.

Nilitoka na sanduku kichwani. Nikafunga kamba kutoka mpapai mpaka nguzo ya jiko, mbele yake kabisa. Nikaanza kuanika.

"Papa, unafanya nini?"

"Naanika nguo za mama mukwe wako. Kaa tu, mwanangu, usisumbuke."

Akageuza kiti. Nikafunga kamba ya pili upande ule. Akageuza tena. Nikaanika kanga, vitambaa vya kichwa, kikwembe chako cha kwaya. "Papa, uko unanifukuza."

"Mie? Mutu wa goti moja? Nimesema ukae!"

Halafu nikachukua sketi ya ndani, nikaikung'uta vizuri, nikaitundika mbele ya pua yake. Nisamehe, au usinisamehe, tutaongea na hilo pamoja na pombe. Jirani alikuwa kwenye ua na wanawake wenziwe, akapaza sauti, "Eh, mukwe! Uko unaangalia nini hapo?" Wakacheka wote. Mwanaume akainuka, macho chini, akajificha nyuma ya jiko, uso ukutani, kama mutoto wa shule.

Pikipiki ikapita. Haikupunguza mwendo, niliwaambia wasipunguze. Nilikuwa nimeinua mikono, nimeshika kanga, nikaona kati ya nguo na nguo. Uso sikuuona. Niliona kikwembe cha miavuli tu, fundo la upande, ncha imevutwa juu ya kichwa, haangalii kushoto wala kulia. Kwa muda mfupi, bibi, ulikuwa wewe, na mie nilikuwa yule kijana wa kupisha. Nikarudi hatua moja nyuma, peke yangu, katikati ya nguo zako.

Mfukoni simu ikatetemeka mara moja, ikanyamaza. MAMA SIFA.

Mukwe wako bado iko nyuma ya jiko. Jua likizama nitaanua nguo, naye atarudi kwenye kiti, nami nitarudi humu. Atakaa siku ngapi sijui. Kesho nitaanika tena, na kesho kutwa, mpaka mtoto afike anapokwenda. Usinune rangi zikipauka. Na ukisikia huko ulipo jogoo anawika asubuhi upande wa Kindu, mjibu.

Mie bwana yako, niliyebaki kulinda mlango wako na matope miguuni,

Baba Sifa